Samaki-konokono wawili weusi kutoka kina cha mita 4,000: mnawatenganishaje hadi kufika kwenye spishi?

Kina_Kirefu

Habari za kazi wakuu.

Swali langu ni la samaki-konokono wa bahari ya kina, familia ya Liparidae, hasa wale wadogo wasiofika hata shubiri moja. Mfano wangu ni zile spishi tatu za upande wa California zilizopewa majina mwaka 2025. *Careproctus colliculi*, yule wa waridi, alichukuliwa mwaka 2019 na roboti ya MBARI (taasisi ya utafiti wa bahari ya Monterey) iitwayo Doc Ricketts kwenye Korongo la Monterey, mita 3,268 chini. Wenzake wawili, *Careproctus yanceyi* na *Paraliparis em*, waliletwa na nyambizi Alvin kutoka Station M, kituo cha utafiti wa sakafu ya bahari penye kina cha kama mita 4,000, tena katika mzamo mmoja. Hawa wawili wote ni weusi na wote ni laini kama nyama ya dafu changa, lakini kila mmoja kapelekwa kwenye jenasi yake.

Ninachotaka ni kazi ya mezani yenyewe. Ukiwekewa kwenye sinia samaki wawili wa namna hiyo, wa sentimita nane au tisa, ngozi imechanika huku na huku, unaanzia wapi? Alama zipi zinaaminika hata baada ya rangi kupauka kwenye pombe? Fomula kama 2-6-7-1 na 3+1 zinasomwaje? Na je, DNA peke yake haitoshi kumaliza ubishi?

Kama kuna hatua ambayo ukiikosa mwanzoni hairudiwi tena, naomba tuanze na hiyo.

Mizani_na_Koleo

Mkuu, hatua za namna hiyo ni mbili, na zote hufanyika kabla samaki hajagusa formalini.

Ya kwanza ni picha. Mweke kwenye maji ya bahari yaliyopozwa karibu na barafu, aelee. Usimlaze juu ya sinia kavu. Kati ya ngozi na misuli ana tabaka la rojorojo, na akikosa maji ya kumbeba lile rojorojo linaporomoka. Kichwa kinapanuka, tumbo linalegea, na umbo utakalopiga picha si lake tena. Piga ubavu wa kushoto, mgongo, uso kwa mbele na upande wa chini, rula ikiwa ndani ya kila picha. Ya upande wa chini ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayoonyesha koo, kisahani cha kunyonyea na mahali mkundu ulipo.

Rangi iandikwe hapohapo, sehemu kwa sehemu: ngozi, ndani ya mdomo, uvungu wa matamvua, utando unaozunguka matumbo, na ngozi ya tumbo la chakula lenyewe. Waridi na nyekundu hutoweka kwenye pombe. Weusi hukaa zaidi, lakini nao una mtego wake. Utando wa matumbo mweusi huonekana kupitia ngozi iliyo kama kioo, mtu akaandika “samaki mweusi tumboni” kumbe ngozi haina rangi kabisa. Inua ngozi kwa koleo nyembamba kwenye mchaniko uliopo, uangalie ngozi yenyewe ina madoa au haina.

Ya pili ni nyama ya DNA. Kata upande wa kulia, kwa sababu kushoto ndiko tunakopimia na kupiga picha. Vipande viwili au vitatu ukubwa wa punje ya mchele vinatosha. Chukua kwenye misuli ya nyuma, mbali na matumbo, maana tumboni kuna nyama ya krasteshia waliomezwa. Wembe mpya kwa kila samaki. Tia kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ujazo wa pombe uwe angalau mara kumi ya nyama, halafu ibadilishe baada ya saa 24. Kwa samaki wa kawaida wengine hawabadilishi. Kwa huyu ni lazima, nyama yake ina maji mengi na pombe inazimuliwa ukidhani bado ni kali.

Baada ya hapo formalini: sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari, iwe imepozwa asidi kwa boraksi au fosfati. Ikiwa na asidi itakula mifupa, na mifupa ya jamii hii ni myembamba tangu mwanzo. Chupa iwe pana, samaki asikunjike wala asifungwe kwenye kitambaa, kwa sababu kitambaa kinakwangua ngozi. Siku tatu hadi saba kwa ukubwa huo. Kisha maji safi siku moja au mbili ukiyabadilisha, halafu ethanoli ya 35, 50 na mwisho 70, siku moja kila hatua. Ukimrusha moja kwa moja kwenye 70, rojorojo linasinyaa kwa ghafla, vitundu vya kichwani vinafumba, na vipimo vya kina cha mwili havitakuwa na maana.

Na usigandishe samaki mzima kwenye friza ukitegemea kumfanyia kazi baadaye. Akiyeyuka ngozi inajitenga na mwili kama soksi.

Tindi_Sita

Naongezea upande wa jenasi. Hesabu yangu kwenye meza huenda hivi.

Geuza samaki, tazama koo. Kuna kisahani cha kunyonyea au hakuna? Kisahani hicho ni mapezi ya tumboni yaliyobadilika, na tindi zake, yaani vile vijiti laini vinavyoshika utando wa pezi, zimekaa kama miali ya gurudumu. *Careproctus* anacho. *Paraliparis* hana kisahani wala mapezi ya tumboni. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wale weusi wawili wa Station M kutengana: *C. yanceyi* ana kisahani, kichwa cha mviringo na mdomo uliolala usawa. *P. em* hana kisahani, ni mrefu, amebanwa ubavuni, na taya lake limeinama kwa pembe. Kwa hiyo hata kabla ya darubini hawa hawafanani sana. Kinachowafananisha ni weusi tu.

Lakini “hana kisahani” haitoshi kusema *Paraliparis*. Jenasi nyingine nazo hazina. *Psednos* ni wadogo, wengi hawafiki sentimita 10, uti wao umepinda nyuma tu ya kichwa kama wana kibiongo, na kati ya macho kuna kitundu cha utosini. *Nectoliparis* huelea katikati ya maji na mkundu wake uko mbele kabisa, kooni. *Rhinoliparis* ana vindevu puani. Ukiacha kuangalia haya matatu unaweza kumwandika kila mtoto wa samaki asiye na kisahani kuwa *Paraliparis*, na majarida ya zamani yana makosa ya namna hiyo.

Kwa upande wenye kisahani, hesabu tundu za pua. *Liparis*, ambao wengi ni wa maji mafupi, huwa na jozi mbili. *Careproctus* ana jozi moja. Tazama pande zote mbili, kwa sababu mchaniko mdogo mbele ya jicho hufanana sana na tundu la pua la pili.

Kisha tindi za utando wa koo, zile zinazoshika ngozi chini ya kifuniko cha matamvua. Kwa wengi ni sita. Zihesabu kwenye eksirei au CT, usiipasue ngozi ya koo kwa ajili yake.

Sasa 2-6-7-1. Ni hesabu ya vitundu vya hisia upande mmoja wa kichwa, kwa mpangilio huu: viwili vya puani, sita vya taya la juu vinavyopita chini ya jicho, saba vinavyoanza kidevuni kufuata taya la chini hadi kwenye kifuniko cha matamvua, na kimoja juu ya tundu la matamvua. Namba ya mwisho ikiwa 2 maana yake juu ya tundu la matamvua kuna viwili. Tofauti hiyo ya kimoja na viwili ni ndogo kuiona lakini kubwa kwenye funguo za utambuzi.

Vitundu havionekani samaki akiwa amelowa. Mtoe kwenye pombe, kausha uso wa kichwa kwa pembe ya karatasi laini bila kusugua, halafu puliza hewa polepole kwa mpira mdogo wa kupulizia, ukuzaji wa mara 10 hadi 20. Kila kitundu kinafunguka kama shimo lenye ukingo. Kama bado huna uhakika, weka rangi ya sayanini bluu au methileni bluu nyepesi kwa muda mfupi kisha suuza. Rangi inabaki kwenye mashimo na kwenye ukingo wa kisahani, na baadaye inatoka yenyewe kwenye pombe. Tundu la mchaniko halina ukingo, halina mfereji chini yake, na halina mwenzake upande wa pili. Jozi ya kidevuni itazame peke yake: je, vitundu viwili vimeachana, vimekaribiana, au vinafungukia kwenye kishimo kimoja? Chora. Maneno “karibu” na “mbali” bila mchoro hayamsaidii mtu.

Kina_Kirefu

Shukrani sana ndugu zangu. Niulize jambo moja hapo kwenye kisahani. Tuseme kooni hakuna kisahani, lakini kuna kovu, ngozi imekwanguka mahali palepale ambapo kingekuwa. Nitajuaje kama hakikuwepo au kimeng'oka? Na ile 3+1 bado sijaielewa.

Bi_Alsiani

Kaka, kovu halihesabiki kuwa “hana”. Kwenye baadhi ya *Careproctus* kisahani ni kidogo mno na kimezama ndani ya rojorojo, kwa hiyo hata bila jeraha kinaweza kukupita. Fanya CT ndogo au eksirei ya kutoka chini kwenda juu, utafute mifupa ya nyonga na zile tindi za gurudumu. Ngozi ikikwanguka, mifupa ya ndani kwa kawaida inabaki. Ukiona mifupa imetulia mahali pake na tindi zake, kisahani kilikuwepo. Usipoona kitu, bado usikimbilie kuandika. Soma hapa chini kwanza kwa nini.

3+1 ni hesabu ya radiali, vijifupa vya msingi wa pezi la kifua. Samaki-konokono mwenye seti kamili ana nne: tatu zimekaa pamoja juu, kisha pengo, kisha moja chini. Ndiyo 3+1. Wengine wamepoteza moja au zaidi, na pengo likaonyesha ni ipi: 2+0+1 maana yake mbili za juu zipo, ya tatu haipo, ya chini ipo. Pia unaandika kama kila radiali ni duara kamili au ina kingo zilizomeguka, na kama kati ya mbili kuna tundu. Kwa *Paraliparis* hasa, spishi mbili zinaweza kufanana kwa nje kabisa zikaachana hapa.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Radiali hizi kwa sehemu kubwa ni gegedu. Eksirei haizioni, CT ya kawaida nayo haizioni vizuri, kwa sababu vyote viwili vinasoma madini. Alizarini, rangi nyekundu ya kupaka mifupa, nayo hushika kalisi tu. Mtu anatumia alizarini peke yake, haoni kitu chekundu, anaandika “radiali hazipo”. Zipo, ila hazikupewa rangi inayozishika. Lazima bluu ya alsiani, rangi inayoshika gegedu, itumike.

Toa mshipi wa bega wa kulia mzima pamoja na pezi lake, ukianzia juu ya tundu la matamvua. Kabla ya kukata, hesabu tindi zote za pezi na uandike, kuanzia juu kwenda chini. Zile za mwisho karibu na kidevu ni fupi na zimefunikwa na ngozi, ndizo hukosekana kwenye hesabu za watu. Ukikata kwa pupa zinabaki kwenye koo.

Suuza mshipi kwenye maji yaliyochujwa siku moja. Pandisha ethanoli hadi 95. Rangi: miligramu 10 za bluu ya alsiani kwenye mililita 80 za ethanoli ya 95 na mililita 20 za asidi asetiki isiyozimuliwa. Vitabu vinasema saa 24 hadi 48, lakini hiyo ni kwa samaki mwenye mifupa. Kwa kipande chembamba kama hiki anza kuangalia baada ya saa sita. Gegedu likishakuwa la bluu, toa. Ile asidi inaendelea kula kalisi kila dakika unayoiacha, na kalisi ikiisha alizarini haitakuwa na cha kushika.

Punguza asidi kwa maji yaliyoshiba boraksi, usiku mzima. Halafu tripsini, kimeng'enya cha kuyeyusha nyama: gramu 1 kwenye mililita 30 za boraksi iliyoshiba na 70 za maji. Ikae mahali pa uvuguvugu, na uitazame kila baada ya saa chache. Nyama ya samaki-konokono inayeyuka upesi kuliko ya samaki wengine, na ukiiacha usiku kucha unaweza kuamka ukakuta tindi zimetawanyika chini ya chupa. Acha mara tu unapoweza kuona radiali kupitia nyama. Kusafisha hadi mwisho si lazima.

Kisha alizarini kidogo kwenye potasi kali (KOH) ya asilimia 0.5 mpaka mifupa iwe ya zambarau. Maliza kwa mchanganyiko wa potasi hiyo na gliserini, 3 kwa 1, 1 kwa 1, 1 kwa 3, na mwisho gliserini tupu yenye chembe za thimoli kuzuia ukungu. Piga picha ukiwa na mwanga kutoka chini. Radiali za bluu kwenye bamba jeupe, hapo 3+1 utaisoma bila kubahatisha.

Ukikutana na holotaipu ya makumbusho, yaani sampuli moja ambayo jina la spishi limesimama juu yake, huruhusiwi kufanya haya yote. Hapo kinachowezekana ni CT baada ya kulowesha sampuli kwenye iodini au asidi ya fosfotangstiki ili nyama na gegedu vionekane. Nayo uombe ruhusa, kwa sababu iodini inasinyaza mwili, na mwili wa rojorojo zaidi.

Tindi_Sita

Bi Alsiani kaeleza vizuri. Niongeze vipimo, kwa sababu navyo vinaleta spishi ambazo hazipo.

Pezi la mgongo, la mkia na la mkundu kwenye samaki hawa yameungana ndani ya ngozi moja, kwa hiyo mwisho wa uti hauonekani kwa nje. Urefu wa kawaida uchukuliwe kwenye eksirei, kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa bamba la mfupa wa mkia. Kichwa, jicho, tundu la matamvua na kisahani pima kwenye picha ya darubini yenye rula. Kaliperi hubonyeza jicho laini na kulipunguza bila wewe kujua.

Fikiria kichwa cha milimita 20.0 na kisahani cha 3.4. Kisahani ni asilimia 17 ya kichwa. Ukikosea nusu milimita tu unapata 14.5 au 19.5. Funguo za *Careproctus* hutenganisha spishi kwa tofauti za namna hiyo, kwa hiyo kosa la unene wa kucha limeshakupeleka kwa samaki mwingine. Pima mara tatu, siku tofauti, uandike wastani pamoja na masafa, yaani kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa. Kina cha mwili kiandike lakini usikijengee hoja.

Pingili za uti zinahesabiwa kwenye eksirei ya nguvu ndogo, kilovolti 25 hadi 35, samaki akiwa amelala ubavu. Pingili za kwanza mbili tatu ni fupi na zinajificha nyuma ya fuvu, hivyo piga picha nyingine kichwa kikiwa kimeinamishwa kidogo. Pingili ya kwanza ya mkia ni ile ya kwanza yenye mwiba kamili upande wa chini. Bamba la mkia linahesabiwa kama pingili ya mwisho. Andika kabisa kwamba umelihesabu, kwa sababu mwandishi mwingine hakulihesabu, na tofauti ya moja kati ya maandishi mawili mara nyingi ni hiyo tu.

Msimbo650

Naingia kwa swali la DNA.

Kipande cha COI, jeni ya mitokondria inayotumika kutambua spishi, cha besi kama 650 hufanya kazi nzuri ya kukuambia samaki huyu yuko jirani na nani, na kukuonya pale wawili uliowaona sawa ni tofauti. Kwenye zile tatu za California kilitumika sambamba na darubini na CT. Neno lenyewe ni sambamba. Peke yake kina mashimo matatu.

Kwanza, kizingiti cha asilimia 2 ambacho watu hukitumia kwa samaki wa miamba hakiaminiki hapa. Ndani ya *Careproctus* kuna makundi yaliyoachana karibuni, kwa hiyo spishi mbili zenye mifupa tofauti zinaweza kuwa na COI inayokaribiana sana. Usiandike “ni yuleyule” kwa sababu tu namba ni ndogo.

Pili, benki za mifuatano ya DNA zimejaa majina mabovu. Samaki-konokono wengi waliowekwa humo walitambuliwa mezani na mtu aliyeishia “hana kisahani”. Kabla ya kuamini jina, tafuta kama mfuatano una namba ya sampuli iliyohifadhiwa makumbusho. Kama hauna, uchukulie kama uvumi. Wale wa California mifuatano yao iko GenBank na CT zao ziko MorphoSource, hifadhi za mtandaoni zilizo wazi, kwa hiyo yeyote anaweza kufungua mfupa uleule uliotajwa kwenye maandishi. Huo ndio utaratibu unaopaswa kufuatwa na wote.

Tatu, na hili ndilo kubwa, majina mengi ya kulinganisha nayo hayana DNA. Meli ya utafiti ya Marekani iliyoitwa Albatross ilikusanya samaki wa mashariki ya Pasifiki mwishoni mwa karne ya 19, na Charles Henry Gilbert akawapa majina: *Paraliparis rosaceus* mwaka 1890, *Careproctus melanurus* mwaka 1892, na wengine. Holotaipu za enzi hizo haziwezi kujibu swali la COI kirahisi. Zinaweza kujibu la pingili, vitundu na tindi. Ukitaka kudai samaki wako si yule wa Gilbert, utabishana naye kwa mifupa.

Kiutendaji: soma pande zote mbili za mfuatano, utafsiri kwa msimbo wa mitokondria ya wanyama wenye uti, na ukiona kodoni ya kusimamisha (alama ya mwisho wa jeni) katikati, tupa. Weka bomba tupu la udhibiti kwenye kila mkupuo. Ongeza 16S, jeni nyingine ya mitokondria, kama unaweza. Kwa mti wa ukoo mzima unahitaji jeni nyingi za kiini, na kazi za namna hiyo zimeshaonyesha kwamba kisahani kimepotea zaidi ya mara moja katika familia hii. Maana yake kutokuwa na kisahani si ushahidi wa undugu. *Paraliparis* wote hawana, lakini hilo halithibitishi kwamba ni ukoo mmoja. Tunaendelea kutumia alama hiyo kwa sababu inapanga makabati vizuri, na ni vyema kuisema hivyo waziwazi unapoandika.

Kina_Kirefu

Hapa nimepata mengi kuliko nilivyotarajia. La mwisho: *C. colliculi* alielezwa kutokana na jike mmoja wa sentimita 9.2. Ni halali kutaja spishi mpya kwa samaki mmoja? Na video je? Maana roboti zinawapiga picha wengi bila kuwakamata.

Mizani_na_Koleo

Video ya peke yake, hapana, kwa ngazi ya spishi. Samaki aliyepigwa picha mwaka 2022 kwenye mfereji wa Izu-Ogasawara, mita 8,336, ndiye samaki wa kina kikubwa zaidi kuwahi kuonekana, na hata hivyo aliandikwa *Pseudoliparis* tu, bila jina la spishi. Wawili waliokamatwa kwenye mtego mita 8,022 katika mfereji wa Japani ndio waliotambuliwa hadi spishi, *P. belyaevi*, kwa sababu hao waliweza kuhesabiwa. Kwenye video huoni vitundu, huoni radiali, na hata kisahani huoni samaki akiwa ametazama kamera.

Samaki mmoja ni halali, mimi nakubali kwa masharti. Awe mzima wa kutosha kwa vitundu, kisahani na mapezi kuhesabika. Awe amekomaa, kwa sababu mtoto ana jicho na kisahani kikubwa kwa uwiano wa mwili, na meno ya ncha tatu yanaweza kupoteza ncha za pembeni kadiri umri unavyokwenda. Huyo wa Monterey alikuwa jike mzima, hivyo hoja ya utoto inaondoka. Na alama zake ni nyingi, si moja: rangi ya waridi, kichwa cha duara, macho makubwa, pezi pana la kifua lenye tindi ndefu za juu, na ngozi yenye vinundu. *Colliculus* kwa Kilatini ni kilima kidogo.

Bi_Alsiani

Mimi ningesubiri wa pili kila inapowezekana. Kwa mmoja hujui masafa. Umehesabu pingili 60, je, wa pili akija na 58 utasema ni nani? *Psednos* wana majina mengi yanayosimama juu ya sampuli moja moja, na anayekuja na ya pili hana pa kumweka.

Mizani_na_Koleo

Nakuelewa dada, lakini kwa mita 4,000 huyo wa pili anaweza kuja baada ya miaka 30, na bila jina hakuna anayemtafuta. Naona suluhisho ni kuweka kila kitu wazi kama walivyofanya, CT na mfuatano, ili atakayepata wa pili arekebishe masafa bila kusafiri.

Kuhusu jina lenyewe: taja holotaipu waziwazi na makumbusho itakapokaa, vinginevyo jina halihesabiki. Ukichapisha mtandaoni tu, sajili ZooBank (daftari la mtandaoni la majina ya wanyama) kabla na namba ionekane ndani ya andiko. Jina la spishi lazima liwe na herufi mbili au zaidi. *Paraliparis em* linatokana na ile M ya Station M, na kwa kanuni hiyo lisingeweza kuandikwa “m” peke yake. *Yanceyi* ni la heshima kwa Paul Yancey, aliyechunguza kemikali ya TMAO inayosaidia protini za samaki kuhimili mgandamizo.

Na kwa walio upande wetu wa Bahari ya Hindi: *Psednos* kama jenasi ilielezwa na Barnard mwaka 1927 kutoka Afrika Kusini, *P. micrurus*, kwa hiyo si samaki wa Pasifiki pekee. Mnaopanga mabaki ya nyavu za planktoni za kina kirefu, msitupe vile vitoto vyenye kibiongo kwenye chupa ya “mabuu wasiojulikana”. Vitazameni utosini, kati ya macho, kwa hewa ya mpira kama Tindi_Sita alivyoeleza. Kitundu kikiwepo, tenga chupa, weka lebo ya karatasi ya pamba kwa wino wa kaboni ndani ya pombe, tarehe, kina cha juu na cha chini cha wavu, na latitudo na longitudo za kuanza na kumaliza kukokota.